Shina la Baba Anna

28 Aprili

Pamba imeanza kupasuka na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu nisipoandika nitamwambia mtu, na nikimwambia mtu mmoja hapa Somanda, kufikia jioni bodaboda wote wa Bariadi watajua kwamba mume wangu hasimamishi.

Haya, nimeliandika. Limekaa hapo juu na halijaniua.

Mume wangu ni Shigela, bwana mifugo mstaafu. Mwezi wa tisa mwaka jana alipasuliwa Mwanza, wakamtoa tezi dume pamoja na saratani iliyokuwa ndani yake. Saratani ilitoka, Mungu asifiwe, na hilo nalisema kwa moyo wote kabla sijaanza kulalamika. Mkojo uliokuwa unamponyoka nao ulikoma Krismasi. Kilichobaki ni hicho kingine. Daktari wa Mwanza alituambia mapema kwamba mishipa ya fahamu ya sehemu ile husumbuliwa na upasuaji, na inaweza kuchukua muda mrefu kurudi kazini. Mimi nilielewa. Baba Anna aliitikia kwa kichwa, nikadhani naye ameelewa. Mwezi wa pili akahamia chumba cha wageni. Ati anakoroma, hataki kunisumbua. Tangu tuoane amekuwa akikoroma, Anna mwenyewe amekua, ameolewa, amekwenda zake Dodoma, na baba yake yuko palepale anakoroma. Leo ndiyo ameona huruma.

1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tumechuma pamba kutwa nzima.

4 Mei

Baada ya misa aliniita chumba cha wageni kama mwalimu mkuu anavyomwita mwalimu aliyechelewa. Akanionyesha simu. Kuna bwana mmoja Mwanza anaitwa Wilbroad, anajiita mshauri wa afya, anapeleka wagonjwa kwenye kliniki moja nje ya nchi. Huko wanatibu kwa seli shina. Wanazitoa kwenye mafuta ya mwili wako mwenyewe, seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wanazisafisha, wanakudunga palepale penye shida. Zikifika zinageuka kuwa kile kinachotakiwa, mshipa wa damu au wa fahamu. Pamba yote ya mwaka huu itakwenda huko.

"Daktari wa hapa anasemaje?" nikamuuliza.

"Yule ni mtoto wa juzi."

"Mtoto wa juzi ndiye anayekutibu."

"Mama Anna, wewe haya mambo huyajui. Mimi nimeishi na mtungi wa naitrojeni, ule wa kugandishia mbegu za ng'ombe, karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimechukua mbegu ya dume lililokwisha kufa, nyama imeliwa, ngozi imeuzwa. Nikaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikampandikiza ng'ombe wa mtu kule Nkololo, akazaa ndama mzuri. Sasa kama cha maiti kinafufuka, changu kitashindwaje? Changu hakijafa. Kimelala tu."

Ubaya wa kuolewa na mtaalamu ni kwamba hata upuuzi wake una ushahidi. Nilikaa nikafikiri, halafu nikamwambia, "Ulifufua mbegu, Baba Anna. Lile dume lenyewe hukuwahi kulirudisha."

Akazima simu. Chakula cha mchana alikula peke yake.

5 Mei

Hatujasemeshana.

6 Mei

Amenisalimia. Nimeitikia.

9 Mei

Leo nilitoka kufundisha mapema nikamkuta shambani, amesimama mwisho wa mistari, anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayedhani mtandao ni mbovu kwa sababu yeye haongei kwa nguvu. "Bwana Wilbroad, mimi kwenye suala la shina nimeshaamua. Nalitaka mwaka huu huu. Kwa umri wangu ukisubiri unapitwa."

Nyuma yake alikuwa anapita mdogo wake, Mahona, na gunia begani. Nilimwona akisimama. Akaliweka gunia chini taratibu, akatabasamu, akalibeba tena akaenda zake.

Sikulipenda lile tabasamu.

10 Mei

Nilijua tu.

Mtaani kwetu nafasi ya mwenyekiti wa shina wa chama, ambaye sisi bado tunamwita balozi, iko wazi. Aliyekuwapo amehamia kwa mwanawe, kule Lagangabilili. Nafasi yenyewe haina mshahara wala ofisi, ina bendera iliyopauka na kesi za mbuzi waliokula mboga za jirani. Kwa hiyo wanaume wanaitaka sana.

Asubuhi Mahona alikuja na wanaume wanne, mmoja wao Mzee Mabula, jirani yetu, amevaa koti la Pasaka.

"Mwangaluka, mayu," wakanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Wakakaa. Mahona akamgeukia kaka yake. "Kaka, kwa nini unatuficha sisi ndugu zako? Nimesikia kwa masikio yangu. Unalitaka shina."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Baba Anna akafungua mdomo. Alitakiwa kusema tu kwamba si shina hilo. Lakini wangemuuliza ni lipi. Nilimwona akilifikia swali hilo, akiligeuza, akirudi nyuma. Akanitazama. Mimi nikatazama vikombe.

"Ndiyo," akasema. "Nalitaka."

Wakampigia makofi. Nimeolewa na mwanaume ambaye yuko tayari kuingia kwenye siasa ili asitaje sehemu moja ya mwili wake.

13 Mei

Wageni. Mchele umekwisha.

14 Mei

Wageni. Ugali sasa.

16 Mei

Mvua ya ovyo, nje ya msimu kabisa, imenyesha usiku juu ya pamba iliyokwisha kupasuka. Leo tumeianika na kuichambua, safi huku, fifi kule. Fifi ndiyo ile iliyochafuka rangi, ukiipeleka mizani wanaipokea kwa kununa. Nyumba nzima imejaa pamba. Baba Anna alishika tumba moja la kahawia, akaligeuzageuza, akasema, "Hii ndiyo mimi," akalitupa kwenye rundo la fifi.

Hapo nilimwonea huruma kweli. Halafu simu yake ikalia, ni Wilbroad, na huruma ikaniisha.

18 Mei

Leo kampeni imefanyikia uani kwangu. Walikaa kwenye mikeka, kwenye viti vya kanisa vya kuazima, wengine juu ya magunia ya pamba ingawa niliwakataza. Mzee Mabula akasimama kumnadi mgombea. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana sitaki baadaye nidhani nimeyatunga.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Shina letu limelala. Limelala muda mrefu, wapita njia wanalicheka. Tumejaribu kulishikashika hapa na pale, haliamki. Sasa tunataka mwanaume wa kulisimamisha. Na likisimama lisimame siku zote, siyo siku za uchaguzi tu, halafu linalala tena."

"Kweli kabisa," wanawake wakaitikia, kwa moyo safi.

Nilikuwa jikoni na birika mkononi. Niliweka birika chini, nikajiziba mdomo kwa khanga, nikacheka. Nilicheka miezi yote iliyopita, upasuaji, mipira ya mkojo, mlango wa chumba cha wageni, mpaka machozi yakanitoka na sikuweza kusema ni ya kipi. Nilipotoka na chai, uani hakuna aliyekuwa anacheka. Kwa nini wacheke, walikuwa wanazungumzia chama. Baba Anna peke yake alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Ukuta wa jiko langu ni wa matofali mabichi, hauzuii sauti, na yeye alikuwa ameuegemea.

Jioni nilimfuata.

"Umecheka," akasema.

"Nimecheka maneno ya Mabula."

"Umecheka."

Akafunga mlango. Nimekaa hapa na kalamu naona haya. Yule mzee alinichekesha, lakini aliyeumia si yeye.

19 Mei

Kimya.

21 Mei

Tumechuma mistari ya juu, yeye upande ule, mimi upande huu.

25 Mei

Amechaguliwa. Alikuwa mgombea peke yake. Kura tatu zilimkataa, na moja kati ya hizo naijua vizuri kwa sababu niliipiga mimi.

2 Juni

Balozi amenitangazia kwamba tarehe ishirini anasafiri. Wilbroad amempatia nafasi kliniki. Hakusema tufikirie, alisema anasafiri.

Nikamuuliza kuhusu kipimo cha damu, kile cha kila baada ya miezi michache cha kuangalia kama saratani inarudi.

"Nilipima mwezi wa tatu. Safi."

"Karatasi iko wapi?"

"Hospitali siku hizi hawatoi karatasi, wanaweka kwenye kompyuta."

6 Juni

Shule imefungwa leo. Badala ya kwenda shambani nimekwenda hospitali kumuuliza daktari kuhusu hizo seli. Dokta Abdulrazak ni kijana wa Tanga, ana adabu za pwani, alisimama niliposhika mlango. "Shikamoo mama, karibu uketi."

Nikamwambia mimi ni mke wa Shigela, bwana mifugo mstaafu.

Akatazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akatazama tena kompyuta.

"Hongera, mama," akasema taratibu. "Mmefunga ndoa karibuni?"

"Mtoto wetu ana watoto."

Akavua miwani. "Mama, samahani sana. Mzee aliniambia mama watoto alishatangulia mbele ya haki."

Sikuelewa. Alilazimika kurudia, maskini kijana wa watu, na uso umemshuka. Kila mgonjwa wa namna hii yeye humwambia, ukija tena njoo na mama, haya mambo ni ya wawili. Mwezi wa pili daktari alimwambia Baba Anna hivyo. Hapohapo Baba Anna akajibu kwamba mama hayupo, amefariki.

"Kwa hiyo habari za kurudisha nguvu sikuzigusa," daktari akasema. "Mgane, mtu wa kanisa, nikaona nitamtonesha kidonda. Mengine siwezi kukueleza mpaka aje mwenyewe. Ila mwambie aje kupima damu, tafadhali. Tulimtegemea tangu Machi."

Nikamuuliza kuhusu seli shina, kwa sababu ndicho nilichofuata na mimi si mtu wa kuondoka bila nilichofuata. Hakuzicheka. Alisema Ulaya na kwingineko wanazijaribu kwa wagonjwa wachache, wengine wameonyesha dalili nzuri, lakini bado ni utafiti, hakuna mwenye haki ya kuziuza kama dawa iliyokamilika. Na kwa mtu aliyekuwa na saratani, akasema, bado hatujui vizuri zinaweza kuamsha nini kingine. Kabla ya huko kuna vidonge, kuna sindano, kuna pampu, na kuna muda, maana mishipa hiyo inaweza kuendelea kupona mpaka mwaka wa pili.

Nilirudi kwa miguu. Bodaboda watatu walinisimamia nikawapungia mkono waende. Nilikuwa nahesabu. Nimekufa mwezi wa pili, mwezi uleule aliohamia chumba cha wageni. Basi angalau alikaa matanga.

Nyumbani balozi alikuwa uani anasuluhisha kesi ya mbuzi. Nilisubiri mpaka mbuzi na wenyewe wakaondoka.

"Nimetoka hospitali," nikamwambia. "Wamenipa pole ya msiba."

Alikuwa amesimama, akakaa.

"Umenizika wapi, Baba Anna? Nkololo kwa wazee wako, au hapa hapa mjini?"

"Mama Anna."

"Nataka kujua tu kaburi langu."

Alipoongea aliongea na ardhi. "Ningesemaje? Alitaka nije na wewe. Tukae pale watatu, mtoto yule aanze kuuliza mbele yako, inafika wapi, inakaa muda gani. Wewe mwenyewe ulivyocheka."

"Nilicheka mwezi wa tano. Uliniua mwezi wa pili."

"Na kipimo?"

"Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Angeniuliza naendeleaje na upweke."

Mtu huyu ameacha kupima saratani kwa kuogopa kupewa pole. Nilitaka kumrushia kitu na karibu yangu palikuwa na pamba tu. Basi nikalia. Nikamwambia mambo ya kitandani yatasubiri, lakini mimi naogopa atakufa. Kwamba kila wiki anayohesabu safari, labda kile kitu kinaota tena ndani, na yeye anataka kwenda kudungwa vitu vya kuotesha. Kwamba yeye ameshanizoea nikiwa maiti, lakini mimi sitamzoea akiwa maiti. Akanyoosha mkono, akausimamisha nusu ya njia, akaurudisha.

9 Juni

Amekwenda kutoa damu. Nilimsindikiza mpaka dirishani. Sampuli imekwenda Mwanza.

12 Juni

Hakuna majibu. Tumechuma mpaka jua limezama.

14 Juni

Wilbroad amepiga nikiwa nimeishika mimi simu ya Baba Anna.

"Naongea na nani mwenzangu?"

"Marehemu mke wake."

Amekata.

17 Juni

Hakuna majibu. Mahona amekuja kumuuliza balozi kwa nini amekonda. Balozi amesema ni majukumu.

20 Juni

Siku ya safari. Begi lilikuwa tayari tangu jana, nililiona. Sikusema kitu, kwa mara ya kwanza msimu huu, na si kwa sababu nimekuwa mpole. Nilikuwa nimechoka. Asubuhi alilibeba mpaka mlangoni, akakaa juu yake, akanywa uji. Alipomaliza uji akasema, "Siwezi kwenda bila majibu," kana kwamba nilikuwa nambishia. Akaenda shambani. Wilbroad ameshamtumia ujumbe kwamba mwezi wa nane nafasi zipo.

24 Juni

Majibu yametoka. Damu ni safi. Safi kweli, safari hii nimeiona mwenyewe kwenye kompyuta.

Tuliingia wawili. Daktari alisimama, tukasalimiana, halafu ikaeleweka kwamba kuna mtu anadaiwa sentensi.

"Dokta," Baba Anna akasema, "huyu ni mke wangu."

"Nimefurahi sana, mzee," daktari akajibu, bila hata kutabasamu, na mimi nikampenda kama mwanangu.

Akaeleza vidonge, akaeleza pampu na namna inavyotumika, akaeleza sindano. Baba Anna alisikiliza kama alivyokuwa akisikilizwa na wafugaji, mikono magotini. Alipoulizwa yeye aliuliza kuhusu seli. Daktari akamrudia yaleyale aliyoniambia mimi, polepole, akaongeza kwamba kama siku moja utafiti utakamilika atamwita yeye wa kwanza.

Kisha akanigeukia. "Na mama, wewe unasemaje?"

Baba Anna akanitangulia. "Hapana, dokta, mama tumwache. Mama umri umekwenda, hana haja na mambo haya tena. Ni mimi tu, unajua mwanaume."

Alisema kwa upole. Alidhani ananikinga. Nilimtazama na nikaona kwamba anaamini. Miezi yote hii, kule chumba cha wageni, aliamini kwamba kilichopotea kilikuwa mali yake peke yake.

"Nina haja," nikasema.

Feni ilikuwa inazunguka. Daktari aliandika kitu ambacho sidhani kilikuwa neno. Baba Anna aligeuka akanitazama, na hakuwa amenitazama hivyo tangu tukiwa wageni wa ndoa.

"Haja gani?" akauliza.

"Ya kwako."

25 Juni

Amenifuata jikoni. "Hukuwahi kuniambia."

"Wewe uliwahi kuniuliza?"

Akafikiri. "Hapana."

Akasimama pale, akamenya vitunguu vyote nilivyokuwa navyo, hata vya kesho.

29 Juni

Amerudi chumbani kwetu. Wala hakutoa hotuba.

6 Julai

Pamba imekwisha. Iliyobaki ni fifi, mizani wameinunia wakaichukua.

Leo baada ya misa tulifunga milango mchana kweupe kama wezi. Mahona alibisha hodi akaita balozi, balozi, tukanyamaza mpaka akakata tamaa. Baba Anna alikuwa amemeza kidonge, na tukakaa kitandani bega kwa bega tukingoja. Tulingoja sana. Alisema kuna kitu kidogo. Mimi sikukiona, lakini sikubisha.

Kisha akataka kuinuka ajiendee. Nikamshika nikamwambia akae, kwamba mikono haikufanyiwa upasuaji. Alinitazama kama mtu anayetafsiri. Halafu akaelewa. Mengine siyaandiki, ila kwa upande wangu siku ilikwenda vizuri, na nalisema bila haya, maana nimelisubiri.

Baadaye tulilala tu, jua limeingia kwa pembeni ya pazia. Bado namba ya Wilbroad hajaifuta, nimechungulia. Akaniuliza, macho yake yakiwa darini, "Unadhani itarudi kama zamani?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia hata daktari hajui. Mwenye uhakika ni Wilbroad peke yake, na Wilbroad halali chumba hiki.